Kilichoshikwa na Presha

Kiwandani walimwita Koleo, kwa sababu mfuko wa nyuma wa suruali yake haukukosa koleo hata siku ya kwenda kumpa mtu pole. Mkewe alikuwa ameushona mfuko ule mpaka akachoka. Siku moja alimwambia, "Baba watoto, safari hii nitakushonea wa bati." Koleo akacheka, akabusu kichwa cha mtoto wao wa mwisho aliyekuwa anakula, akaenda zake kazini na koleo lake likichungulia nyuma kama mkia wa mjusi.

Alianzia kwenye ufagio. Kijana aliyeingia pale hajui hata swichi iko wapi, akifagia vumbi la plastiki chini ya mashine za wenzake, ndiye aliyekuja kuwa fundi wa mashine kubwa kuliko zote. Hakuna aliyemkalisha chini akamfundisha. Aliisikiliza tu ile mashine, kama mtu anayekaa na jirani mwenye maneno mengi mpaka akamjua lini anatania na lini ana hasira. Kwa asiyeijua, mashine yenyewe ni bomba nene la chuma lililolala, limezungushiwa mikanda ya moto. Juu unamimina punje za plastiki. Ndani kuna parafujo kubwa, inazikoroga na kuzisukuma mpaka zinakuwa uji, na ule uji unashindiliwa kwa nguvu ndani ya kalibu, yaani chuma kilichochongwa umbo la kitu unachokitaka. Uji ukipoa kalibu inafunguka, kitu kinadondoka kwenye kreti, ko. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na kovu la uji huo, laini na linang'aa. Watoto wake walipokuwa wadogo walipenda kulipapasa kabla ya kulala.

Kilichodondoka kwenye kreti la Koleo kilikuwa gurudumu la kapi. Ndilo lile gurudumu lenye mfereji katikati ambalo wajenzi hulifunga juu ya jengo, wakapitisha kamba, upande mmoja mashine ya kuvuta, upande wa pili ndoo ya zege. Ndoo ikipanda, watu wako chini yake. Sasa hebu fikiria hapo, kazi nzima inaning'inia kwenye kitu kisichozidi ukubwa wa sahani.

Miaka yote waliyatengeneza kwa plastiki ya aina moja, ngumu, ghali. Halafu ikaadimika. Bosi akahangaika huku na huku, mwishoni akaja na magunia ya aina mbili. Moja ilikuwa ngumu lakini inapasuka kama kioo, nyingine laini kama ufizi wa mtoto. "Tukizichanganya," akasema, "tunapata katikati."

Zilichanganyika kwa shingo upande. Magurudumu ya kwanza yalitoka na mistari myeupe ndani yake, kama mishipa kwenye shavu la ng'ombe. Ukiligonga gurudumu chini, linafunguka kwenye ule mstari.

Maabara yao ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ghala, na mwenye chumba alikuwa binti mmoja aliyesoma mambo hayo mpaka mbali. Wote walimwita Dada wa Maabara. Alikuja na kipande mkononi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, binti yangu. Umekuja kunisuta?"

"Nimekuja kukuomba upunguze joto. Hizi mbili zikiwa na joto la wastani zinakaa pamoja vizuri tu. Likizidi zinaachana. Humo ndani zimeshaachana kabla hazijafika kwenye kalibu."

Bosi alikuwa amesimama hapo hapo, mikono kiunoni. "Akipunguza joto uji unakuwa mzito, mashine inatambaa. Wateja wanataka mzigo. Koleo, hakuna namna nyingine?"

Namna ilikuwepo. Koleo alijua kuna vali moja ubavuni, ukiikaza presha ndani ya bomba inapanda. Aliikaza kidogo kidogo, jicho kwenye geji, sikio kwenye parafujo. Mashine ikaguna. Mshale wa geji ukapanda mpaka ukakaribia wekundu. Gurudumu lililodondoka likawa safi, rangi ya maziwa, halina mstari hata mmoja. Akaligonga chini likadunda. Akalipiga nyundo, nyundo ikarudi.

"Koleo!" bosi alipiga kelele. "Wewe una mkono! Njooni muone huyu mtu!"

Wakaja wa ghala, wakaja wa usafi, gurudumu likapita mkono kwa mkono kama mtoto mchanga. Dada wa Maabara alilitazama kwenye mwanga, muda mrefu.

"Mistari imeondoka, fundi, au imejificha?"

"Itajificha wapi, binti? Humo ndani hamna kabati."

Watu wakacheka. Yeye naye alitabasamu, lakini hakuliachia lile gurudumu. "Presha inazibana. Kila moja ikitaka kujitenga inakosa nafasi, ndiyo maana zinakaa pamoja hata joto likizidi. Halafu zinaganda hivyo hivyo, zimeshikwa. Lakini huko ziendako hakuna wa kuzibana tena. Kamba ikikimbia kwenye mfereji, na jua liko juu, na mzigo unaning'inia, joto litarudi. Presha haitarudi."

"Binti yangu," akasema Koleo kwa upole, na kwa kujisikia kidogo, "wewe unajua ndoa ngapi mtaani zimeshikwa na presha ya wakwe na hazijavunjika mpaka leo?"

Kicheko kikapasuka. Dada wa Maabara akangoja kitulie. "Na wakwe wakiondoka, fundi?"

Safari hii walimcheka Koleo mwenyewe. Bosi akaingilia kati.

"Basi unataka nini?"

"Niliweke moja kwenye tanuri, nilining'inizie uzito, nisubiri."

"Weka. Lakini gari la mzigo halisubiri tanuri."

Kila mtu akarudi kwenye kazi yake.

Sasa, mkewe Koleo alikuwa na mdogo wake wa kiume, kitinda mimba. Mama yao alifariki akimnyonyesha, kwa hiyo dada ndiye aliyembeba mgongoni, akaenda naye mpaka shuleni, akaandika hesabu mtoto analia sikioni. Mpaka leo akimwona anakohoa anamgusa shingo kama ana homa, jitu zima lenye ndevu. Shemeji huyu alikuwa mjenzi, mtu wa chini, ndiye anayejaza ndoo zege na kuifunga kwenye kamba. Mtu wa maneno. Alipenda kuingia kwa dada yake bila hodi akiuliza, "Kuna chochote humu kinachohitaji mtu wa kukimalizia?"

Jumapili moja alilalamika. "Shem, kapi letu la chuma linalia siku nzima kama paka kabanwa mlangoni. Nyinyi si mnatengeneza ya plastiki?"

Koleo alimletea la kwanza kabisa lililotoka safi, lile lililodunda. Akampelekea na mawili ya akiba.

"Umempa kitu kizuri lakini?" mkewe akauliza usiku ule wakati anatandika.

"Nimempa kilichotoka mikononi mwangu."

"Haya." Akapiga mto. "Maana yule nikimpoteza mimi utanizika naye, nakuambia."

Alisema kama mzaha, Koleo akajibu kama mzaha, wakalala.

Kazi ikaenda, kreti zikajaa, gari likaja likaondoka, likaja tena. Bosi alimpandisha Koleo akawa msimamizi wa zamu. Lakini mashine haikuacha kuguna. Zamani ilikuwa na sauti ya mtu anayepika huku anaimba imba, sasa ilikuwa na sauti ya mtu anayenyanyua kitu kinachomzidi nguvu. Koleo alijiambia ni uzee. Akapaka grisi. Ikaendelea.

Siku moja, akifunga kazi, aliona kimkia cha plastiki, yale mabaki yanayobaki kwenye mdomo wa kalibu, kimeangukia juu ya mkanda wa moto. Kilikuwa hapo tangu asubuhi. Kilikuwa kimegeuka cheupe, cheupe kama chaki, na alipokishika kikatoka kwa tabaka, ganda juu ya ganda, kama kitunguu. Alikisugua kidoleni kikawa unga.

Alisimama pale na ule unga kidoleni. Angeweza kwenda maabara, ni hatua chache tu, taa yake ilikuwa bado inawaka. Akafikiri watakavyocheka. Akafikiri cheo. Akajiambia kimkia si gurudumu, kimkia hakikukaa kwenye kalibu chini ya presha kamili, na mkanda wa moto si jua. Yote ni kweli. Akajifuta kidole kwenye suruali.

Tangu siku ile akawa analala vibaya. Mkewe alimuuliza kama tumbo linamsumbua, akasema labda.

Kiangazi kikakaza. Mabati ya kiwanda yakawa yanalia tik, tik, mchana kutwa, na ukitoka nje lami inashika soli. Ilikuwa katikati ya asubuhi, Koleo yuko kwenye mashine, Dada wa Maabara akatokea mlangoni. Hakusema shikamoo. Alikuwa amelibeba gurudumu juu ya trei kwa mikono miwili.

Mfereji wake ulikuwa mweupe kuzunguka pande zote. Aliweka kucha pembeni, akavuta. Ukatoka utepe, mrefu, kimya kabisa, bila hata kukatika.

"Limeanza lini?" Koleo akauliza.

"Jana lilikuwa zima, fundi. Hilo ndilo linanitisha. Halikuonyesha dalili. Jana nililipiga nyundo."

Bosi aliitwa. Alilitazama gurudumu kama mtu anayetazama mgeni aliyeleta habari mbaya, kisha akafunga mlango. "Hakuna anayesema kitu. Tukutane mchana, tuzungumze kwa utulivu. Tukikurupuka tutaua kiwanda."

"Bosi," Koleo akasema, "kuna ndoo zinapanda sasa hivi."

"Nimesema mchana."

Koleo alitoa simu akampigia shemeji. Ikaita, ikaita. Alijua iko wapi: kwenye begi, begi kwenye msumari, msumari kwenye kibanda cha saruji, maana mtu wa zege hashiki simu. Akapiga tena. Halafu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu ashike ufagio. Aliiacha mashine inaunguruma, imejaa uji, haina fundi, akatoka mlangoni.

"Koleo! Koleo, ukitoka hapo usirudi!"

Dada wa Maabara alikwishakwenda kuizima mashine. Koleo alikuwa ameshafika getini.

Alikimbia anavyokimbia mtu wa umri wake, yaani kidogo anakimbia, kidogo anatembea ameshika ubavu. Pikipiki moja ikamchukua. Njiani alipita majengo mawili, matatu, yote yana miti ya majukwaa, na juu ya kila moja kitu kidogo kinazunguka. Hakuwahi kuviona vitu vile zamani, leo aliviona vyote. Kimoja kilikuwa cha rangi ya maziwa. Akafumba macho.

Jengo la kina shemeji lilikuwa limeshapanda sana. Mashine ya kuvuta kamba ilikuwa inanguruma, watu wanaitana kwa miluzi, na ndoo, imejaa, ilikuwa imefika usawa wa madirisha ya kati. Chini yake, akikoroga zege ya ndoo inayofuata, alikuwa shemeji, hana shati, anaimba.

"Toka hapo!" Koleo akapiga kelele. "Toka chini!"

Shemeji akageuka, uso ukachanua. "Eeh, shem! Leo wamekufukuza au umekuja kuomba kibarua?" Hakusogea. Akajipangusa bega. "Bora umekuja. Hilo kapi lako lina mba. Tangu asubuhi linanimwagia mba kama mzee asiyeoga. Tazama!"

Mabega yake yalikuwa na unga mweupe. Nywele pia. Haukuwa saruji, maana saruji ni ya kijivu.

Koleo alimrukia, akamkumbatia kiunoni, wakaanguka wote wawili kwenye mchanga, koleo likaruka likaenda zake. Wenzake wakacheka sana, wakadhani ni utani wa mashemeji. Msimamizi wa jengo, mtu mnene mwenye kofia ngumu, akaja mbio.

"We mzee, una wazimu? Hapa si uwanja wa mieleka!"

"Simamisha kamba! Lile gurudumu linafunguka."

"Linafunguka nini? Nimelitazama asubuhi. Zima kabisa."

"Ndiyo, asubuhi lilikuwa zima!" Akamshika shemeji bega, akapangusa ule unga, akamwekea msimamizi kwenye kiganja. "Hili ndilo gurudumu lako. Limeshaanza kushuka lenyewe."

Msimamizi akausugua ule unga. Akanyanyua kichwa. Kutoka juu, kwenye mwanga, kilikuwa kinadondoka kitu chepesi sana, polepole. Akapuliza filimbi mara moja, ndefu.

Kamba ikasimama. Ndoo ikabaki inayumba.

"Tuishushe?" akauliza mtu wa mashine.

"Usiishushe!" Koleo akasema. "Kamba ikikimbia kwenye mfereji inalipasha moto. Isivutwe juu, isishushwe chini. Ivuteni kwa pembeni, iingie dirishani, halafu muifunge."

Basi wakasubiri watu wapande ngazi. Hapo ndipo muda ulipokuwa mrefu. Kila mtu alikuwa ameondoka chini, wamejipanga ukutani, hakuna mluzi, hakuna maneno. Shemeji alikuwa amesimama karibu na Koleo, na Koleo alikuwa amemshika mkono kama anamvusha mtoto barabara, na yule mtu wa ndevu hakuuondoa. Fimbo ndefu yenye ndoana ikatokea dirishani, ikapapasa hewa, ikakosa. Ndoo ikazunguka. Fimbo ikanasa. Wakavuta, kamba ikainama pembeni, na huko juu kitu kikalia, si kwa nguvu, sauti ya mtu anayechana kitambaa chumba cha pili.

Ndoo ilipoingia nusu dirishani, gurudumu likaachia. Ukingo mzima ulitoka kama pete, kamba ikadondoka kwenye ekseli ya chuma, ikatikisika, ndoo ikagonga dirisha na kumwaga. Zege ikashuka ukutani yote kwa pamoja, ikapiga pale pale karai la shemeji lilipokuwa, karai likajikunja likawa bapa. Watu wa juu waliing'ang'ania ndoo yenyewe, ikabaki.

Hakuna aliyeumia. Msimamizi aliketi juu ya tofali, kofia mapajani. Ile pete ya ukingo ilikuwa imeanguka mchangani. Mmoja akaiokota, ikakatika mkononi mwake kwa tabaka.

Shemeji aliitazama kwa muda.

"Shem," akasema, "dada asijue."

"Atajua. Nitamwambia mimi."

"Atakuua."

"Sawa."

"Ulijua?"

Koleo alikumbuka ule unga kidoleni. "Niliona kitu. Nikajifuta."

Shemeji aliuvuta mkono wake, si kwa hasira, taratibu tu, kama mtu anayechukua kitu chake. Akaenda kusimama mbali kidogo. Alijipangusa nywele, akatazama kiganja, akajipangusa tena. Kisha, bila kumtazama Koleo, akauliza, "Yale mawili ya akiba nimemwazima jamaa wa jengo la kona. Mengine mmeyapeleka wapi?"

"Kila mahali."

"Kila mahali wapi, shem?"

"Madukani. Gari linabeba, linamwaga. Sijui tena yalikokwenda."

Wakatoka wote wawili, hawakuagana na mtu, wakashika njia ya kona. Jua lilikuwa limesimama juu ya vichwa. Shemeji alitangulia, mabega wazi, bado yana weupe. Walipokaribia wakasikia mashine ya kuvuta inanguruma, na juu kabisa, ambako jicho linauma kutazama, kitu cha rangi ya maziwa kilikuwa kinazunguka. Mtu mmoja alikuwa amechuchumaa chini yake, amewapa mgongo, anachota zege kwa beleshi.

"Oyaa!" shemeji akaita. "Oyaa, jamaa! Toka hapo!"

Yule mtu hakugeuka, mashine ilikuwa na kelele. Ndoo ikaendelea kupanda. Wakaanza kukimbia.